Chipu ya Kubeba Sauti ya Mulunesh

Saa tatu asubuhi, Fikirte Zegeye hawezi kutulia kitini. Anachomoa chipu yenye miguu minane, anachomeka nyingine, anavaa hedifoni na kufumba macho. Kahawa aliyoletewa na jirani imepoa bila kuguswa. Anavua hedifoni na kuzitupa mezani.

"Bado," anasema. "Shhh ileile, kama sufuria inachemka chumba cha pili."

Kibanda chake kiko soko la Merkato, Addis Ababa, kwenye safu ya mafundi redio. Wiki nzima amekuwa akiwarudisha wateja na redio zao. Majirani wanamtania kwamba amekuwa mganga, anasikiliza mashetani.

Anachokitafuta ni chipu ya kukuza sauti itakayomfaa Mulunesh, azmari, yaani mwimbaji wa jadi, anayeimba ukumbini na mumewe, Getaneh, mpiga krar, kinubi cha nyuzi chenye ngozi tumboni. Mulunesh huwatungia wageni maneno papo hapo: humsifu huyu, humchoma yule, na ukumbi hucheka. Mwaka jana alipasuliwa kooni. Alipona, lakini sauti ikabaki nyembamba kama uzi.

Sauti hiyo ikikuzwa sana, shhh ya mtambo nayo hukua, na maneno humezwa. Mgeni aliyechomwa hajui hata kama amechomwa. Mwenye ukumbi amewaambia kwa upole: mwaka mpya ukifika kabla Mulunesh hajasikika, mkeka anaokalia akiimba ataukalia mwingine.

"Hakunitukana," anasema Mulunesh, akiegemea meza ya fundi. "Angenitukana ningemjibu. Alinionea huruma, dada. Huruma haina jibu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Fikirte usingizi. Ufundi alifundishwa na kaka yake kabla hajahamia ughaibuni, na kaka huyo alikuwa akisema chipu ni chipu, mradi sauti inatoka. Fikirte hakuwahi kuliamini hilo.

Alianza na chipu iitwayo TL072, iliyomo karibu kila amplifaya anayoifungua. Krar ya Getaneh ilitoka safi, lakini maikrofoni ya Mulunesh ilijaa shhh. Akajaribu nyingine yenye kasi kubwa, iliyosifiwa sana. Hiyo ilipiga mluzi hadi mbwa wa jirani akabweka.

Kisha akanunua chipu ya 5532, ambayo mafundi huipenda kwa maikrofoni. Shhh haikupungua. Akaigusa kwa kidole: baridi. Ya kweli hupata uvuguvugu ikifanya kazi. Akapitisha pamba yenye dawa ya kusafishia mgongoni mwake, maandishi yakafutika, na chini yake yakatokea mengine. Ilikuwa chipu ya bei poa iliyovishwa jina la watu.

Hakwenda kugombana na muuzaji. Alizunguka soko kutwa nzima, kila kibanda akiomba aonjeshwe joto la chipu kabla ya kununua, huku wauzaji wakimcheka. Mwishowe aliipata ya kweli ndani ya mashine mbovu ya kurekodia, akaing'oa taratibu kama jino.

Sauti ya Mulunesh ikatoka wazi, kila herufi na mahali pake. Lakini krar ikaharibika: kisahani cha kunasa sauti kilichobandikwa kwenye ngozi ya krar sasa kilileta shhh nyingi kuliko nyuzi zenyewe.

Fikirte alikaa sakafuni. Akawaeleza Mulunesh na Getaneh, waliokuja kujaribu, kwamba chipu bora kwa mmoja inamuua mwenzake, na kwamba ameshindwa kupata inayowafaa wote wawili.

Getaneh, ambaye huwa hasemi sana, akaguna. "Mimi na huyu tuna miaka ishirini, fundi, na hatujawahi kuvaa kiatu kimoja. Kwa nini tuingie kwenye chipu moja?"

Fikirte anasema alianza kucheka peke yake. Kabla ya jua kuzama alikuwa amelehemu njia mbili ndani ya kisanduku kimoja: 5532 kwa maikrofoni, TL072 kwa krar. Zinakutana mwishoni tu, zikielekea spika.

Jumapili jioni ukumbi ulijaa. Mulunesh aliimba kwa sauti ya mtu anayesimulia siri, na siri ilifika hadi mlangoni. Alipomgeukia mwenye ukumbi, alimwimbia kwamba huruma yake ni shuka fupi, humfunika yeye miguu na kuwaacha wengine na baridi. Watu waliangua kicheko. Mwenye ukumbi naye alicheka, akiwa wa mwisho, na tangu hapo hajataja tena mkeka.

Fikirte alikuwa amekaa karibu na spika, sikio moja limeinama. Anadai bado kulikuwa na shhh, ndogo sana, kati ya neno na neno. Kesho yake alimwomba Mulunesh amrudishie kisanduku akirekebishe.

"Ukikigusa," Mulunesh alimwambia, "nitakuimba wewe."

Kwa hiyo ameanza kutengeneza cha pili. Anataka azmari wazee walionyamaza kwa sababu ya koo au mapafu wapate kila mmoja chake, na tayari wawili wameulizia. Mezani kuna chipu nyingine. Anaiwasha, anaigusa, na kusubiri ipate joto.