Zuhura, uliyeuliza mbona wadudu hawafi ndani ya seli

Tangu jana nnashika simu nimpigie Zuhura, halafu nnakumbuka kuwa yeye ndiye aliyezikwa. Akili yangu imekataa kabisa.

Vijana mnaonifuata humu hamumjui. Tulianza kazi pamoja miaka michache baada ya Mapinduzi, kwenye maabara ya hospitali moja hapa mjini. Yeye alikaa kwenye hadubini, mimi nkipiga taipu ripoti.

Madaktari wengi walikuwa wameshaondoka. Rangi za kupimia zikija leo, miezi minne hazionekani tena. Zuhura alifanya kazi kanuna, lakini slaidi zake hazikuwa na makosa.

Siku moja akaniita nitazame. Ilikuwa ngozi ya Mzee Haji, msuka madema ya kutegea samaki wa kijiji cha Uroa, aliyeungua kidole kwa chungu cha moto asisikie maumivu. Ukoma. Ndani ya seli moja nkaona vijiti vyekundu vimejazana kama njiti kwenye kiberiti.

"Seli hii kazi yake kula wadudu," akaniambia. "Hawa ishawala. Mbona hawafi?"

Akaenda kumuuliza mkuu wetu. Alidhani mdudu anashika kitu cha seli yenyewe, akakitumia kujikinga. Mkuu akamjibu kuwa yeye Zuhura kaajiriwa kuhesabu wadudu tu.

Haji akapewa vidonge, mabaka ya ngozini yakafifia. Slaidi ya mwaka wa pili ilionesha wadudu wachache tu, lakini hao waliobaki walikuwamo ndani ya seli, wamekolea rangi vizuri, dalili ya kuwa hai. Zuhura akaandika hivyo chini ya hesabu.

Mkuu akaukata mstari ule kwa wino. Fomu ilikuwa na nafasi ya nambari tu, basi.

Aliyepiga taipu ripoti ile ni mimi. Mstari nliuona, nkauruka. Daktari akasoma nambari ndogo, akamwachisha Haji dawa.

Zuhura hakuniuliza kitu. Siku ya mapumziko akaniambia twende Uroa, tukapanda gari la shamba pale Darajani. Tulimkuta Haji uani kwake anasuka dema. Zuhura akamwomba arudi hospitali, akamweleza alichokiona.

"Karatasi ya hospitali inasema nimepona," Haji akasema kwa upole. "Nimwamini nani, mwanangu?"

Zuhura akanitazama mimi. Sikusema neno.

Haji alirudi baada ya miaka mitatu, vidole vimekunjika, hata ufito haviwezi kuushika. Zuhura akampa shikamoo yake, akamkalisha vizuri, akatoka nje kulia. Dawa alirudishiwa na ugonjwa ukasimama. Vidole havikunyooka tena, na madema ndiyo yalikuwa maisha yake.

Miaka michache iliyopita mpwa wake Zuhura, anayesoma baiolojia, alimsomea mbele yangu yaliyokuja kujulikana. Mdudu yule hujibandika kwenye protini za seli za neva, ndipo akaingia. Na akishamezwa na seli inayokula wadudu, huing'ang'ania protini ya seli hiyo hiyo, ibaki kwenye kifuko alichomo, ili kifuko kisiungane na kile chenye vimeng'enya vya kumsaga. Yaani seli inamlinda adui kwa kitu chake yenyewe.

Nlidhani atafurahi. Alikasirika.

"Kuniacha niulize kungewapunguzia nini?" akasema, akaenda kutia chai.

Jana msibani mtu mmoja tuliyefanya naye kazi akasema Zuhura alikuwa mbishi sana. Watu wakacheka kidogo, kwa wema tu. Nimelichoka neno hilo. Miaka yote hiyo, kila aliposema jambo la maana, jibu lilikuwa hilo hilo: mbishi. Nlitaka kumkumbusha yule mtu habari ya Haji, nkaona si mahali pake, nkanyamaza. Nimerudi nyumbani nimejichukia.

Mnisamehe nkiandika kwa hasira. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe.

Shoga yangu, hukuwa mbishi. Uliona sawa, na mimi nlijua kuwa umeona sawa. Ilinipasa niseme mbele ya Haji, siku ile ile, uliponitazama. Nimesema leo, nawe hunisikii. Mola akukutanishe huko na watakaokujibu kila unachouliza. Nenda ukapumzike, Zuhura wangu. Ulale salama.