Kasuku na Mtandio Wangu wa Kijani

Tangu utotoni nakata kucha zangu kila Ijumaa kabla ya kuoga, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani huko Kondoa. Kasuku alipoingia nyumbani kwangu, nikamtia naye kwenye utaratibu huohuo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kwake. Nalitaja mapema ili asije mtu akadhani naandika haya nikijiona msafi.

Ndege huyu alikuwa wa binti yangu. Alipohamishwa kikazi aliniletea hapa Ipagala pamoja na tundu lake, ambalo ndani yake palikuwa na mpini wa fagio uliopitishwa katikati. Sikujua lolote juu ya kasuku. Nilijua kufundisha watoto alifu na be, na kulea. Basi kila Ijumaa nilimfunga kwenye taulo nikampunguza kucha, nikidhani namsafisha. Haikupita miezi miwili akaanza kuteleza. Usiku nilisikia anaanguka chini ya tundu, kisha anapanda tena kwa mdomo.

Daktari wa mifugo alikuja mtaani kuchanja mbuzi wa jirani, nikamwomba apite kwangu. Alimtazama ndege, akanitazama mimi, akauliza namkata kucha mara ngapi. Nilipomjibu alicheka, si kwa dharau.

"Bibi," alisema, "huyu hana Ijumaa."

Akanieleza kwamba ndani ya kila ukucha mna mshipa wa damu, na kwa kuwa kucha za huyu ni nyeusi mshipa hauonekani. Mtu huondoa ncha tu, tena kwa tupa ndogo ya kucha, miezi mingi ikishapita, na huweka unga wa ngano karibu wa kubandika damu ikitoka. Lakini alisema ugonjwa wenyewe ulikuwa ule mpini. Ulikuwa laini na unene wake ni mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mguu unashika namna ileile mchana na usiku, nyayo zinachubuka na kucha hazisagiki. Akaniambia nitafute matawi yenye magome yake, manene kwa membamba, yaliyopinda. Nisiguse minyaa ya uani, maana maziwa yake yanaunguza.

Nilipata tawi la mkwaju nene kama kifundo cha mkono wangu na mawili ya mpera, moja jembamba kama kidole gumba. Niliyasugua kwa brashi na maji matupu, nikayaanika juani siku nne. Lile nene niliweka juu kabisa, kwa kuwa huko ndiko anakolala, na hakuna nililoliweka juu ya bakuli la maji, asije akalichafua. Siku ya kwanza aliyaogopa. Siku ya tatu nilimkuta amesimama juu ya mkwaju kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha tumboni, amelala. Nilisema alhamdulillahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Baada ya hapo nilianza kumfundisha kupanda mkononi. Kila asubuhi baada ya kusali alfajiri nilikaa karibu na tundu, nimejitanda mtandio wangu wa kijani, nikanyoosha mkono na kusema, "Bismillahi, panda." Ilichukua miezi mitano. Siku alipoweka mguu wa kwanza juu ya kidole changu, kisha wa pili, sikuthubutu kupumua. Tangu siku hiyo nikawa namwita kwa maneno hayo tu, naye akawa anakuja.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alifiwa na mumewe, akaja kuishi nami. Tulilala chumba kimoja na kula sahani moja, na katika kila swala nilimshukuru Mungu kwa kuniletea mtu wa damu yangu uzeeni. Kasuku ndiye hakumkubali. Mdogo wangu akinyoosha mkono, ndege anampa mgongo. Alijaribu karanga, alijaribu embe. "Huyu ndege wako ana maringo kama bibi harusi," aliniambia, akacheka. Mimi nami nilicheka, na sikuona kwamba alikuwa akirudi kwenye tundu kila nilipotoka.

Kazi ya kucha tuliifanya wawili. Yeye alimshika kwenye taulo, mimi nilisaga ncha. Kabla ya kuanza nilivua mtandio wa kijani nikaupeleka chumbani, nikajifunga kanga, na muda wote sikutamka neno. Nilimweleza mdogo wangu sababu: sikutaka ndege auunganishe mtandio huo, wala lile jina la Mungu, na tabu ya kushikwa. Tukapatana pia kwamba hakuna atakayemkata peke yake. Alinielewa vizuri. Aliwahi hata kunikumbusha mara moja niliposahau kuuvua.

Kisha nikaenda Mvumi kutolewa mtoto wa jicho. Nilikaa huko siku sita, kwa binamu yangu anayeishi karibu na hospitali. Nilirudi na miwani myeusi, dawa ya matone na amri ya kutoinama, hata kusali nilisali kitini. Jicho lilikuwa limeanza kuona, lakini bado kwa ukungu, na lile lingine lilikuwa likisubiri zamu yake.

Asubuhi ya kwanza nilikaa mahali pangu, nikanyoosha mkono, nikasema, "Bismillahi, panda." Nilisikia mabawa yakipiga waya. Alikuwa amekimbilia pembe ya mbali. Nilirudia kwa sauti ya chini. Akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alisema ndege ananiogopa kwa ile miwani, nimpe muda. Nikauliza kuhusu kitu cheupe nilichokiona kimepitishwa katikati ya tundu, akasema ni kipande cha bomba la maji, kwa kuwa matawi yangu yalikuwa yameingiwa na wadudu akayatupa. Nilimshukuru. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimshika mkono nikamshukuru kwa kunitunzia ndege.

Siku nane nilimwomba kasuku radhi kwa ajili ya miwani. Niliivua nikafunga mapazia. Nilibadilisha kiti. Nilijiambia kwamba huenda nanuka hospitali, nikaoga mara mbili. Kila nilipotamka Bismillahi alirudi nyuma, na lilikuwa jambo zito kwangu kuona kiumbe anakimbia jina hilo likitoka kinywani mwangu.

Siku ya tisa ukungu uliondoka. Nakumbuka niliona nyufa za ukuta, nikaona mikunjo ya mikono yangu mwenyewe, nikatokwa na machozi ya shukrani. Nikaenda kwa kasuku kumwona naye. Alikuwa ameng'ang'ania waya kwa mdomo, maana bomba lilikuwa linateleza. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto mchanga, na vidole viwili vilikuwa na damu nyeusi iliyokauka kwenye ncha.

Nilifungua sanduku nikatoa mtandio wa kijani, ambao nilikuwa sijauvaa tangu nirudi, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameufua, akaukunja vizuri na kuuweka humo, nami nilikatazwa kuinama. Karibu na pindo ulikuwa na matobo madogomadogo, na madoa ya kahawia ambayo sabuni haikuyaweza.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikauweka mtandio juu ya ungo.

"Alikujaje mkononi mwako?" nikamuuliza.

Alichambua punje mbili tatu zaidi. Kisha akasema, "Nilijitanda nikasema unavyosema wewe. Akaja, dada. Alinijia mara moja."

Akaniambia kwamba alifurahi mno, ila kucha zilimchoma, na kwa kuwa alikuwa tayari amemshika akaona amalizie kazi. Akamzungushia mtandio uleule, kwa kuwa taulo lilikuwa mbali. Akatumia kikata kucha.

"Ilikuwa Ijumaa," akaongeza. "Mbona wewe ulikuwa unamkata kila Ijumaa?"

"Na miwani uliyoisingizia?"

Aliuinua mtandio kutoka kwenye ungo, akanirudishia.

Mwalimu wangu wa chuoni alipenda kutusimulia juu ya mwanachuoni mmoja wa zamani aliyesafiri mbali kutafuta elimu kwa mtu fulani. Alipofika alimkuta anamwita mnyama wake kwa kukunja nguo kana kwamba ina chakula, na haikuwa na kitu. Akageuza safari, kwa kuwa anayemhadaa mnyama hawezi kuaminiwa kwa neno. Tukiwa watoto tulimhurumia yule mnyama. Nikiwa na umri huu, nimesimama uani na mtandio wangu, nilimfikiria yule msafiri, ambaye angalau alikuwa na mahali pa kugeukia. Mimi nililala chumba kimoja na mdogo wangu usiku ule, na usiku uliofuata.

Bomba nililitoa siku hiyohiyo. Nilipata tawi jingine la mkwaju, lenye magome makavu zaidi, na nikapanga kwamba kucha zake zitasagika kwa mti peke yake, asishikwe tena na mtu. Kwa kweli nilipanga pia nisimhitaji mtu wa kunishikia.

Wiki chache baadaye nilikuta tawi la mpera mlangoni kwangu, limesuguliwa na kukaushwa, limekatwa kipimo sawa na tundu. Mdogo wangu alikuwa amelifuata kwa miguu hadi Nkuhungu, kwa mtu tunayefahamiana naye. Nililiweka. Kasuku alilichunguza siku mbili kisha akasimama juu yake.

Jioni ile mdogo wangu aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia nimemsamehe, na sikusema uongo; nimeliomba jambo hilo katika kila sijida tangu niliporuhusiwa kuinama. "Lakini mtandio wangu," nilimwambia, "nitaufua mwenyewe."

Kucha zimeota. Watu wawili, mmoja wao binti yangu, wamenishauri nibadilishe maneno ya kumwita, nitumie mengine asiyoyaogopa. Sikukubali. Sikuona kwa nini jina lile ndilo liondoke. Kila alfajiri nakaa palepale na mtandio wenye matobo, nanyoosha mkono, nasema, "Bismillahi, panda." Mwanzoni alikimbilia pembeni. Siku hizi anabaki juu ya mkwaju, ananitazama kwa jicho moja. Leo aliinua mguu wa kulia, akashika ncha ya kidole changu, ukucha wake ukanigusa kidogo. Akaurudisha mguu juu ya mti. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, naye aliona.