Feni ya Kimya Iliyomkosesha Baba Mkwe Usingizi

Iko siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na ulipokuja jana kuniuliza utie feni gani katika kompyuta yako, ilirudi yote. Nimesimama katika duka la vifaa vya stima mjini Kisii, nina feni mkono wa kulia na feni mkono wa kushoto, mwenye duka ananitazama, na mimi sijui kama nataka inayonyamaza au inayosikika. Nilikuwa nimesomea uhazili hadi nikapata cheti. Lakini siku hiyo ungeniuliza jina langu, ningefikiri kwanza.

Keti nikueleze. Hiyo simu iweke chini.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kompyuta bado ni kitu cha watu kuja kutazama. Babu yako alikuwa karani Nakuru. Ofisi yao ilipobadilisha mashine, akaleta moja ya zile kuukuu hadi huku Nyamira, imefungwa kwa blanketi. Stima ilikuwa nyumbani kwa wazazi wake tu, kwa sababu nyumba yao ilikuwa karibu na barabara. Basi ikawekwa sebuleni kwao, nami nikawa natoka kwangu kila asubuhi kwenda kupiga chapa pale. Mitihani ya walimu, ratiba za harusi na za mazishi, barua za kanisa, yote yalipitia mikononi mwangu.

Mashine ile ilikuwa na kelele. Unajua mwenyewe kwamba kompyuta ikifanya kazi hupata joto, na feni ndiyo inayoipoza. Ya kwetu ilikuwa imezeeka. Ilivuma, ikakwaruza, ikatulia kidogo, ikaanza tena kwa nguvu, kama kinu cha kusaga mahindi kilicho mlima wa pili. Mimi nilikuwa nimeizoea.

Kisha baba mkwe akaugua moyo. Alipotolewa hospitalini, daktari alisema apumzike, asipande mlima, asisumbuliwe na kelele. Akalazwa chumba kilichopakana na sebule, ukuta mmoja tu katikati. Mama mkwe alimwachia uji na maji kando ya kitanda, akaenda zake, kwa kuwa majani chai hayajichumi na ng'ombe hajilishi. Mchana mwingi nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye upande ule na mimi upande huu.

Sasa elewa jambo moja, maana ninyi siku hizi mnaingia chumba chochote na viatu. Kwetu Abagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kali kati yao, ndiyo tunaiita chinsoni. Mimi singeweza kuingia alikolala, hata kwa kumpelekea maji. Yeye naye asingeniita kutoka kitandani. Likiwapo la kuniambia, alimwambia mama mkwe, naye akanifikishia. Wahenga walisema heshima si utumwa, nami sibishani nao, ila majuma yale heshima ilinizungusha kichwa.

Siku moja mama mkwe alirudi shambani, akaingia kwa mgonjwa, akatoka na kusimama karibu na meza yangu.

"Mama Bosibori," akasema, "baba anauliza kama hiyo mashine yako bado inalia."

Nikajua nimekanywa. Kwetu mtu mzima hakwambii nyamaza. Anakuuliza kama hujachoka, nawe mwenyewe uelewe. Nikaizima papo hapo. Haukupita muda mama mkwe akatoka tena. "Anauliza mbona imenyamaza." Nikasema moyoni, mzee huyu ananipima kama nimetii. Nikamwomba anipelekee samahani zangu.

Kesho yake vilevile. Ikilia anauliza, ikinyamaza anauliza. Nilichanganyikiwa, na niliogopa. Mzee yule alinipenda. Nilipoolewa ndiye aliyenichagulia machipukizi ya ndizi ya kupanda nyuma ya jiko langu. Sasa niliona kelele zangu zitammaliza, na kijiji kizima kitasema aliuawa na mke wa mwanawe akipiga mashine.

Basi nikafanya ujinga wa kwanza. Nilichukua vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu, vile vya maua vya kupamba makochi, nikaifunika mashine mbele na nyuma, nikaongeza leso mbili. Nilidhani ninaiziba mdomo, kumbe nilikuwa nimeiziba pua. Feni ikanguruma kuliko mwanzo, kasha likawa moto, na kabla ya chakula cha mchana kila kitu kikaganda. Mtihani mzima wa hisabati ulipotea nikiutazama.

Ndipo nikaenda Kisii, kwenye duka la Mama Hansa. Huyu alikuwa Mhindi, amezaliwa pale pale mjini, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha wajukuu wangu, na usikasirike. "Bwakire," akaniamkia, akasikiliza shida yangu, kisha akaweka feni mbili juu ya kaunta. Aliziunganisha kwa betri, moja baada ya nyingine, ili nisikie mwenyewe.

"Hii nyepesi haisikiki," akasema. "Lakini inazungukia bushi, kipete cha chuma chenye mafuta. Mafuta yakikauka, italia au itasimama. Hii nzito ina beringi, gololi ndogo za chuma ndani. Itavuma kidogo, lakini utakaa nayo."

"Mimi nataka isiyosikika."

"Nani analalamika?"

"Baba mkwe."

"Amekwambia?"

"Hawezi kuniambia."

Mama Hansa akainua macho. "Sasa wewe umejuaje?"

Nilikasirika kidogo. Niliona mama huyu anajua mambo ya waya, mambo ya ukweni hayajui. Nikachukua ile nyepesi.

Nyumbani niliifunga mwenyewe, na katikati ya feni na kasha nikatia vipande vya raba nilivyokata kwenye patipati kuukuu, ili mtetemo usipite. Nikawasha. Kimya, mwanangu. Ilinibidi niweke kiganja nyuma nihisi upepo ndipo nijue inazunguka. Nilifurahi nikasema, leo mzee atalala.

Hakulala. Yule aliyekuwa akisinzia mchana kutwa mashine ikinguruma, sasa nilisikia kitanda kinalia, anageuka huku, anageuka kule, anakohoa. Siku zilizofuata akaanza kugonga ukuta kwa bakora yake. Nikasema, hivi ni vidole vyangu, napiga herufi kwa nguvu. Nikakunja taulo nikaliweka chini ya kibodi. Akagonga tena. Nikapunguza mwendo, herufi moja moja. Akagonga. Mwishowe niliacha kazi kabisa, nikakaa nimekunja mikono mapajani, hata kupumua nikipumua kwa adabu, na mzee bado anagonga. Sikuelewa kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa najifanya nawajua wote kwa majina.

Mara mlango ukafunguka. Baba mkwe amesimama, amejifunika blanketi, miguu mitupu, ameshika fremu ya mlango, anahema. Mtu aliyekatazwa hata kuketi bila kushikwa. Nikainamisha macho sakafuni. Nilitaka kuinuka nimshike na sikuweza, na uchungu ule ninao mpaka leo. Naye alikuwa ameona haya, maana hakuwa amevaa vya kuonwa na mimi. Kulikuwa na kuku ameingia kudonoa chini ya meza. Mzee akamgeukia yule kuku.

"Wewe kuku," akasema kwa sauti nyembamba, "kumbe kuna mtu humu? Nilidhani nyumba imehamwa. Mashine ilipokuwa ikilia nilijua kuna mtu upande ule, hata nikizidiwa atasikia. Nikawa nalala. Ikinyamaza nauliza kama ameondoka. Sasa siku hizi nagonga ukuta, hakuna anayejibu. Mwambie mwenye mashine, kama yuko, aiache ilie."

Machozi yalinitoka. Nami nikamtazama kuku.

"Kuku, mwambie baba nipo. Nipo kila siku."

Kisha nikatoka mbio hadi kwenye majani chai kumwita mama mkwe, akaja akamrudisha kitandani.

Ndiyo siku ile niliyokwambia, niliporudi Kisii. Daktari amesema kimya, mgonjwa amesema kelele, na mimi nimesimama dukani na feni mbili mikononi, kichwa kinazunguka kuliko feni zenyewe. Nilimweleza Mama Hansa kwamba nataka inayosikika. Hakunicheka. Aliwasha ile nyepesi niliyorudisha, na wallahi ilikuwa imeanza kukwaruza. Akanisukumia ile nzito. "Sauti yake haipandi, haishuki," akasema. "Mgonjwa hasumbuliwi na sauti anayoijua."

Niliifunga, ikavuma taratibu, siku nzima vilevile. Siku hiyo mzee alilala mpaka mama mkwe akaja kumwamsha anywe dawa. Tangu hapo, kila nilipotaka kuizima niende kupika, nilisema kwa sauti, "Kuku, naenda jikoni, narudi." Hata kuku asipokuwapo. Mama mkwe alinicheka mpaka akashika mbavu. Mzee alipona, akarudi kukaa nje chini ya migomba yake, na daktari alipomsifu kwa kutii amri ya kimya, sote tuliangalia pembeni. Mpaka leo sijui daktari alikosea wapi, au kama alikosea.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukienda kununua feni, usidanganywe na inayonyamaza dukani. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Uliza inazungukia nini, na ikiwa ni beringi, chukua. Kasha likiwa na nafasi, tafuta feni pana inayozunguka polepole, maana ndogo hukimbia sana na mwenye kukimbia hupiga kelele. Tia raba. Futa vumbi kabla halijawa blanketi. Usiifunike kwa vitambaa vyangu, hata vikiwa vizuri namna gani. Na kabla ya kumnyamazishia mtu jambo, muulize. Kama huwezi kumuuliza, tafuta hata kuku.

Jana ulisema unataka isiyosikika kabisa, ili nyanya asisumbuke. Nimeshukuru, una adabu. Lakini mlango wako umefungwa, masikio umeyaziba na hivyo vidude, kompyuta yako haisemi, na mimi upande huu sijui kama uko au umetoka. Juzi niligonga ukuta. Hukusikia.

Mimi na wewe hatuna chinsoni, kwa hiyo sihitaji kuku. Ninunulie ile inayovuma. Nenda salama, urudi salama, Mungu akujalie miaka mingi, na katika miaka hiyo asikunyime mtu wa kumsikia upande wa pili wa ukuta.