Kipa Niliyemzomea

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwenye uwanja wa shule yetu hapa Kibaha. Ilikuwa mechi yetu ya kwanza ya msimu ya mpira wa magongo, na wageni walikuwa wasichana wa Kisarawe. Rafiki yangu Zuhura aliniambia anakwenda kunywa maji mara moja, nikamwekea nafasi nyuma ya goli letu.

Mimi nina aibu sana. Darasani nikiulizwa swali, Zuhura ndiye hunijibia. Lakini tulipofungwa la tatu, sijui nini kilinipanda. Kipa wetu, kichwa chote kimo ndani ya kofia yenye wavu wa chuma, alikuwa anaruka mpira ukishapita.

“Kipa! Tukuletee godoro?” Watu wakacheka, nami nikanogewa. “Hata mlango wa choo unazuia kuliko wewe!”

Tukalala tano bila. Nikamsikitikia Zuhura kwa kukosa vichekesho vyangu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kipa akaja moja kwa moja hadi kwangu, akavua kofia. Zuhura! Macho mekundu, machozi yanamtoka. Kipa wa siku zote alikuwa ameteguka mguu, na mwalimu akamkamata yeye pale bombani akinywa maji, akamweka golini.

“Kumbe sauti unayo, shoga,” akasema, akaondoka.

Asubuhi yake nilimwita Zuhura uwanjani, maana kuomba msamaha kwa maneno niliona aibu. Nikavaa ile kofia na mapedi yote, nikasimama golini, nikamkabidhi gongo na mipira mitano. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akapiga. Yote ikaingia.