Mzoga Niliouzika kwa Baba Mkwe

Nilitoka Migwani kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Ninauza dawa za mifugo na mimea pale sokoni. Jioni moja shemeji yangu Musyoka, anayeishi na baba mkwe wangu nje kidogo ya Mutomo, alinipigia simu akiuliza dawa ipi ya wadudu ndiyo kali kuliko zote. Nikamtajia kwa mbwembwe, bila kuuliza ya nini. Alfajiri akanitumia picha ya mbuzi aliyeraruliwa na ujumbe: "Fisi amekula wa tatu. Mzee ametia ile dawa kwa nyama."

Fisi huenda asirudi, lakini tai hawakosi mzoga. Mwaka jana upande wa Makueni, karibu na Kambu, niliwakuta tai wamelala kuzunguka mzoga wa punda uliotiwa sumu, mmoja bado akijaribu kuinua shingo. Tangu siku hiyo nimelisema jambo hili kanisani na kwenye baraza la chifu mpaka watu wakanichoka. Na sasa dawa nimeitaja mimi. Nilijichukia.

Saa kumi na moja na nusu niliwasha pikipiki. Musyoka hakushika simu. Tai huja jua likishapasha hewa moto, kwenye saa tatu hivi.

Kitui mjini nilitia mafuta tu. Mama wa chai akaniuliza, "Unakimbilia matanga?"

"Naenda kuyazuia."

"Pole. Ni nani?"

"Ni ndege." Akacheka, nami nikaondoka.

Saa mbili na nusu nilifika kwa wakwe. Kwetu Wakamba mwanamume hambishii baba mkwe. Anasalimia, anaketi, anangoja kuulizwa. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na nilikuwa nimeishika miaka yote ya ndoa yangu. Siku hiyo nilimpita mzee mlangoni nikachukua jembe lake.

"Salamu umeziacha wapi?" akauliza.

"Nitakusalimu nikimaliza, Baba. Mzoga uko wapi?"

"Hiyo ni mtego yangu. Mbuzi tatu zimeenda. Wewe utanirudishia?"

"Fisi ni adui, nakubali. Lakini tai wamekukosea nini? Wakiisha, mizoga yote ya huku itaozea hapa, na mbuzi wako watapata magonjwa."

"Nyinyi ndege mnawalilia. Mbuzi zangu hakuna mtu analilia."

Hapo alisema kweli, na iliniuma. Lakini jembe sikuliacha.

Musyoka alinionyesha mzoga nyuma ya boma. Udongo wa Mutomo kwa ugumu ni mawe tu. Shimo halijanifika magotini, tai wa kwanza akatokea juu, kisha wengine wakatua kwenye mgunga. Nilimwomba Musyoka awafukuze. Alimtazama baba yake kwanza, akavua shati, akaanza kulipunga huku akipiga kelele. Kila mmoja aliyeshuka alirudishwa mtini. Nilichimba mpaka shimo likanifika kifuani, tukausukuma mzoga ndani kwa fimbo, tukaufukia na kuweka mawe juu. Tai walikaa pale mpaka adhuhuri, wakaondoka na njaa yao. Nilifurahi nusura nilie.

Mchana wote nilikata miiba nikainua ua wa boma la mbuzi, maana fisi bado yuko. Nilipokuwa naondoka, mzee akanijia.

"Umevunja nthoni kwangu. Utaleta mbuzi."

"Nitaleta, Baba."

"Na usifikiri nimekubali."

"Sikufikiri."

Nilirudi Migwani mikono imejaa malengelenge. Nilichojifunza ni kuuliza kwanza. Siku hizi kila mnunuzi namwuliza dawa ni ya kazi gani, na wengine huenda duka jingine wakinitukana. Waende.

Mbuzi wa faini nilimpeleka, jike mwenye mimba. Wazee walikuwepo. Nilisalimia, nikaketi, nikangoja kuulizwa. Baba mkwe akasema anatumaini sitarudia.

"Baba," nikamjibu mbele yao wote, "siku utakayotia sumu tena, niwekee jembe mlangoni."