Nilinyweshwa Kombe Nikiwa Mzima

Nilipokuwa mtoto, miaka ya arobaini, nilimfukuzisha Zuhura chuo cha Kurani. Nyumbani hawasemi hivyo. Wao husema aliugua.

Zuhura alikuwa binti wa ami yangu. Tuliishi nyumba moja nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu, wao juu, sisi chini. Alikuwa na kifafa. Hospitali walimpa vidonge, na akivimeza zilipita wiki nyingi asianguke. Mwalimu wetu wa Kurani aliambiwa ni kizunguzungu tu. Ukweli niliujua mimi, nikaapishwa nisiutoe. Na Zuhura alikuwa hodari. Alikaribia kuhitimu, mimi nikimtegea sikio akisoma ili nisichapwe.

Bibi alituonya kila mara: povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe utaanguka kabla ya siku arobaini.

Wiki moja vidonge vilikwisha. Tumekaa jamvini chuoni bega kwa bega, Zuhura akaanguka, povu likanidondokea mkononi. Badala ya kumshika kichwa kama afanyavyo mamake, niliruka nikapiga ukelele: "Ana kifafa huyu! Povu lake limenigusa!" Watoto wakakimbia, wengine wakamkanyaga. Alibaki naye mwalimu peke yake. Lakini jioni wazazi walimjia: ama Zuhura, ama watoto wao. Akamrudisha nyumbani, macho chini.

Na mimi? Niliandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa asubuhi saba. Nikapewa na halua juu yake. Zuhura, aliyevimba paji la uso, hakuna aliyemkumbuka kwa kombe wala kwa halua.

Siku arobaini zikapita. Akaniita ngazini.

"Hukushikwa?"

"Sikushikwa."

"Alhamdulillahi." Alifurahi kweli, maskini. "Basi kamwambie mwalimu, ndugu yangu. Akikuona u mzima atajua siambukizi."

"N'tamwambia."

Sikumwambia. Bibi alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba kombe ndilo lililoniokoa, nami nilipenda kutazamwa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Ningesema povu halikuwa na neno, ningebaki mwoga aliyepiga kelele bure. Basi uzima wangu, uliokuwa ushahidi wake, ukamfungia mlango.

Bibi simlaumu, alisema alilofunzwa. Mimi nilikuwa na jingine la kuamini. Nilikula na Zuhura sahani moja tangu hatujaota meno, nikinywa alipoacha kikombe, na sikuanguka hata siku moja. Nilijua. Ndiyo maana hata leo, mzee mzima, nikitajiwa jina lake natafuta kazi ya kufanya.

Aliniuliza mara moja tu mwalimu alisemaje. Nikamjibu, amekataa. Mpaka anakufa, Zuhura alimchukia mwalimu wa watu, naye mwalimu hakuwahi kuulizwa.