Nilimpeleka shangazi wa mchumba wangu baa ya cocktail Mkomani, akajifukiza kinywaji

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenipata mwenyewe, na kama naongeza chumvi, feri inizimikie katikati ya maji.

Mimi ni mtu wa bara, wa Mumias, Muislamu, fundi wa makontena ya baridi hapa Changamwe. Nampenda binti wa Mtongwe, Zuhura. Posa nishapeleka, lakini kwao baba hasemi neno mpaka dada yake mkubwa, Bi Mwanakombo, amtazame huyo mwanamume kwa macho yake.

Yaani nilibakiza mtihani mmoja tu, na mtihani wenyewe unavaa buibui.

Zuhura alinishauri nimpeleke shangazi yake mahali pa kawaida, tule viazi karai, tuzungumze. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikasema lazima nionyeshe class. Jamaa mmoja kazini alikuwa akisifia baa fulani Mkomani, ya cocktail za kizamani, taa hafifu, mawaiter wamevaa vizibao. Nikapiga simu kuuliza kama wana vinywaji bila pombe. Wakasema wanavyo tele. Nikaona kazi imekwisha.

Chekeni tu, sikatazi mtu.

Baada ya magharibi nikamfuata Mtongwe. Zuhura aliambiwa abaki nyumbani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Mazungumzo yakaishia hapo mpaka Mkomani.

Tulipoingia, akazitazama chupa zilizojaa ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, huku si baani?"

"Ni baani, Shangazi, lakini vyetu havina pombe. Nimeuliza."

"Haya. Tushafika."

Akachagua kiti kinachozipa chupa mgongo, akaketi. AC ilikuwa kali lakini mimi nilikuwa natoka jasho. Nikajua posa imekufa na mazishi ni kesho.

Nikaagiza mocktail mbili, zile zilizopendeza zaidi kwenye picha. Waiter akazileta kwenye sinia, kila glasi imefunikwa kioo, na ndani ya kioo kumejaa moshi. Akafunua ya Shangazi. Moshi ukapanda taratibu.

Wakuu, yule mama akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hapo sasa! Hawa wayajua ya mgeni."

Kama hujakaa Pwani: mgeni wa heshima hukaribishwa kwa udi. Unajifukiza nguo, unanukia, ndipo mambo mengine yanafuata. Basi Shangazi akaivuta glasi, akapitisha mkono wa kulia juu ya moshi, kisha wa kushoto. Akaona haitoshi. Akaiweka glasi sakafuni, akasimama ikiwa kati ya miguu yake, akaifunika kwa buibui kama chetezo cha udi cha nyumbani. Akatulia, macho ameyafumba.

Baa nzima ikageuka.

Halafu vijana wa kaunta wakaanza kucheka. Mmoja akatoa simu. Waiter naye, badala ya kutumia akili, akasema kwa sauti, "Mama, hiyo ni ya kunywa."

Shangazi akafumbua macho. Nikauona uso wake ukishuka. Akashika ncha ya buibui lake. Niliumia, wakuu. Huyu ni mama anayeheshimiwa mtaa mzima, na ni mimi niliyemleta kuchekwa.

Sikufikiri. Glasi yangu ilikuwa bado imefunikwa. Nikaifunua, nikafungua vifungo vya shati, nikajifukiza kifua, nikajifukiza makwapa.

"Kwetu nguo ndizo hutangulia," nikamwambia waiter. "Kunywa baadaye."

Dada mmoja wa meza ya jirani, mwenye rasta ndefu, akainuka na glasi yake yenye moshi. "Mama, na mimi nifukize nywele?"

"Inama, mwanangu," Shangazi akamwambia, na akamsimamia mpaka moshi ukaisha. Yule kijana akarudisha simu mfukoni.

Tukapanda feri kurudi. Mimi nilikuwa nanuka kama samaki wa kubanikwa, watu wakanipisha nafasi.

Mlangoni Mtongwe ndipo akageuka.

"Ule haukuwa udi. Niliujua mara tu ulipoingia puani. Lakini nishasimama, ningeketi vipi?" Akanikazia macho. "Nawe ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

"Na ukajifukiza."

"Ndiyo."

Akaingia ndani bila kuniaga. Nikabaki kizani na shati langu la moshi. Kisha nikaisikia sauti yake.

"Zuhura! Mwambie babako aipokee posa. Na huyu mwambie akafue shati."

Nilichojifunza, wakuu: class niliyokwenda kuonyesha hata haikuangaliwa. Aliyefedheheka ukikaa naye, hasahau.

Shati sijalifua, na sidhani kama nitalifua.

Sasa wenyeji wa Pwani nisaidieni. Siku ya kupeleka mahari nataka nimbebee Shangazi udi wa kweli. Ninunue upi? Msinidanganye, maana amesema atanusa kabla hajanikaribisha.